Nyaya Ndani ya Ukuta wa Udongo

Mimi ndiye mtu wa kwanza mtaani kwetu, Rumonge, kutaka umeme katika kila chumba. Nalisema bila haya, maana walionifuata waliniiga na hakuna aliyeshukuru. Nyumba hiyo niliijenga baada ya Uhuru, niliporudi kutoka Albertville, ng'ambo ya ziwa, na niliiacha mwaka wa 1972, tulipokimbia mauaji, kama wengi walivyoziacha zao. Huko ng'ambo nilibeba magunia bandarini mchana na kusoma jioni, bila mjomba wa kunishika mkono wala padri wa kuniandikia barua, mpaka nikapata diploma ya ukarani. Kaka yangu, aliyebaki kijijini Gatete na michikichi yake, alipoonyeshwa karatasi hiyo aliuliza kama inaliwa.

Nyumba nilimjengea mama. Alikuwa akiishi kwa kaka, katika moshi wa kibatari uliomharibu macho, nami nilitaka watu waone mtoto gani alifaa. Alikuja, lakini nusu ya vyombo vyake aliviacha Gatete. "Nitakaa nione," alisema. Nikaapa moyoni kwamba hatavifuata.

Wakati huo tulikuwa na ampuli moja tu ya taa sebuleni. Moto wake ulitoka kwa jirani yetu, mfanyabiashara wa mawese, aliyekuwa na mashine ya dizeli ya kukamulia mafuta na aliyewauzia umeme watu wachache wenye akili. Ampuli moja ni aibu. Nilitaka taa chumbani kwa mama, taa jikoni, taa barazani, na prizi za redio na pasi. Nikamwita fundi.

Alikuwa Mkongomani wa Uvira, mtu mfupi mwenye suruali iliyofungwa kwa waya, waya ule ule aliokuja kuniwekea. Hakujua kusoma. Kama waya una moto au hauna, aliupima kwa mgongo wa kidole, akishtuka na kucheka peke yake kama mlevi. Alizunguka nyumba yangu akigonga kuta kwa kifundo, kisha akauliza swali ambalo hata leo linanikera:

"Bwana, hii nyumba nani anaikandika?"

"Unadhani umekuja kwenye kibanda?" nikamjibu. "Hizi ni kuta zilizopakwa chokaa."

"Chokaa iko juu. Chini iko udongo. Mimi nitapitisha nyaya juu ya mbao, karibu na bati. Udongo unakunywa maji, bwana."

Nyaya juu ya mbao! Kama ghala la pamba. Albertville niliingia katika nyumba za wazungu, nikaona swichi ukutani na waya hauonekani popote. Nikamwambia achimbe mifereji, azilaze nyaya ndani, afukie, apake chokaa.

"Kuta zao ni simenti," akasema.

"Una diploma gani wewe?"

"Sina, bwana."

"Basi chimba."

Akachimba. Kazi ilipokwisha majirani walikuja kutazama, wakaingia na miguu yenye matope, wakawasha na kuzima mpaka nikawafukuza. Mmoja aliuliza mafuta ya taa yanatiwa wapi. Hao ndio watu niliorudi kuishi nao.

Wanawake wa Kiislamu wa pwani yetu, Idi ikikaribia, hukandika nyumba. Huchanganya udongo na maji, wakachovya mikono yote miwili, na kuupaka ukuta upya kuanzia chini. Hawamwombi mwanamume ruhusa, kwa sababu hakuna mwanamume anayejua kinachohitaji kukandikwa. Mama, mmoja wao, hakuniambia kwamba ameanza. Mimi nilikuwa kazini, na kwa jirani mashine ilikuwa ikikamua mawese, maana yake nyaya zilikuwa na moto.

Nilipoitwa nilimkuta ameketi uani, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake, udongo umemkaukia mpaka kwenye viwiko.

"Ukuta wako umenipiga," alisema. "Nimepaka nyumba za waume wawili na za watoto wanne, mwanangu. Hakuna iliyowahi kunipiga."

"Ni fundi, mama. Mjinga yule."

Nilitamka hivyo bila kufikiri. Mama alifunga kanga zake siku hiyo hiyo na kurudi Gatete, na njiani, sokoni, alimlaani fundi kwa sauti ambayo hata wauza samaki wa ndagala waliisikia. Mimi pia sikupona: wale wale waliokuja kushangaa ampuli sasa walisema nimejenga nyumba inayofukuza mama. Kaka alinitumia salamu kwamba kibatari chake hakina meno.

Nilikwenda kwa fundi. Alikuwa amekaa mlangoni kwake bila kazi. Tangu mama amlaani hakuna aliyemwita.

"Njoo uzitoe," nikamwambia. "Weka mbao zako."

"Amahoro kwanza, Bwana Diploma," akasema, akidai salamu.

"Amahoro. Utakuja?"

"Tunaanza na Gatete. Utamwambia mama nani alisema zifichwe. Mbele yangu. Kisha nitakuja na misumari."

Nilimtukana. Alinisikiliza kwa utulivu, akichokonoa meno. Nilifika njia panda, nikarudi.

Kwa kaka tulimkuta mama akichambua maharagwe. Kaka mwenyewe alijileta karibu, eti anatafuta jembe. Nikasema kwamba amri ilikuwa yangu na kwamba fundi alinikataza. Sijawahi kusema sentensi fupi iliyonichosha vile.

Mama hakuinua macho. "Nilijua," akasema. "Huyu atapata wapi ubavu wa kuamuru nyumbani kwako? Nilingoja tu nione kama utasema." Kisha akamgeukia fundi kwa upole ambao mimi sikuusikia mwaka ule wote. "Baba, nilikulaani bure. Nisamehe. Ukizitoa, nitakandika?"

"Utakandika, mama. Ila kabla ya kuchovya mkono, moto uzimwe kwanza."

"Nani azime?"

Fundi alinitazama, akatazama jembe la kaka, akatabasamu. "Mama aseme."

Mama alirudi baada ya siku tatu, na safari hii alileta hata vinu. Nyaya zilipita juu kabisa, chini ya bati, juu ya vipande vya mbao vilivyopinda. Ubaya ule niliukodolea macho kila nilipolala chali. Na kila Idi, hadi tulipoondoka, mama akishachanganya udongo wake alimtuma mtu amwite yule fundi aje kuzima. Alikuja, akabonyeza swichi moja inayozima nyumba nzima, akapewa chai na sahani ya pilau. Mimi nilikuwa nimekaa barazani, hatua nne kutoka kwenye swichi hiyo, na hakuna aliyeniomba.