Ndugu wa Pamposhi

Tangu alipoolewa katika mashua ya mumewe, Fazi hajalala nchi kavu. Miaka thelathini anang'oa mizizi ya kuliwa ya pamposhi, ua la majini, katika ziwa la Dal kwa upondo wenye kulabu. Kaka zake wamejenga ufukweni, chini ya miti mikubwa ya michinari, na huonana naye misibani tu.

Jana bintiye alirudi kutoka chuoni.

"Mama, pamposhi na yungiyungi wana undugu wa mbali mno."

"Wacha we! Maua yanafanana, tope moja!"

"Yungiyungi jani lake hulala majini, la pamposhi husimama. Ndugu wa karibu wa pamposhi ni mchinari."

Fazi aliitazama michinari ya ufukweni, kisha akauzamisha upondo.

"Kumbe pamposhi naye ana ndugu nchi kavu, na hakuna aliyekuja kumtoa majini."