Safari ya Hatta na Neno la Kuenea

Nilikwenda Hatta, kule milimani, kwa sababu ulimi uliniponza. Nilijigamba ofisini kwetu Dubai kwamba najua Kijapani, na mwongoza watalii aliyekijua kweli alipoacha kazi, bosi akanigeukia. "Yalla, Rehema, hao wazee wawili ni wako kesho." Kijapani changu nilikiokota kwenye simu, chumbani kwetu mtaa wa Discovery Gardens, huku Njeri ninayeishi naye akinicheka: "Wee, hiyo lugha utaongea na nani?"

Asubuhi niliwachukua Bwana Morita na mkewe, ambaye nilimwita Okusan, kama waitwavyo wake za watu kwao. Majengo yalipoisha tukatokea jangwani, Okusan akasema, "Hiroi!" Kwa neno hilohilo alikuwa amekisifia chumba chake cha hoteli. Kwetu barabara ni pana, chumba kina nafasi, habari huenea, wingu hutanda. Wao huchota karibu yote hayo kutoka kisima kimoja: hiroi ni pana, hirogeru ni kukunjua kitu kikatandaa, hirogaru ni kitu kuenea chenyewe. Nilikuwa nimekariri sentensi moja, kwamba mandhari inaenea mbele yetu. Niliitoa, wakapiga makofi, kichwa kikavimba.

Hatta, mchana. Nilikunjua mkeka kwenye kivuli cha mwamba. Okusan alivua viatu kabla ya kuukanyaga, akavipanga ukingoni vikitazama nje, kama afanyavyo mlangoni kwake. Tukala vizuri. Alipovivaa tena alipiga ukelele. Ndani ya kiatu cha kulia mlikuwa na nge.

Niliendesha gari mbio kwenda hospitali. Kwenye kiti cha nyuma Okusan alikuwa akirudia, "Hirogatte... hirogatte," neno lile la kuenea, na mumewe kamshika mkono. Niliogopa kuelewa.

Hospitalini tulipokewa na muuguzi mtu mzima, Bi Zuwena. Aliponisikia namwomba Mungu kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiunguja safi cha wazee wake. Nikamweleza habari ya nge.

"Mwanangu, nisikilize. Ganzi imekaa pahala pamoja au inapanda? Usikisie, muulize mwenyewe."

Mimi niliyejua kusifia milima tu! Nikaugusa mguu wa Okusan, nikauliza, "Hirogaru?" Akaitikia kwa kichwa, akapitisha kiganja kutoka kifundoni hadi gotini, kisha pajani.

"Inaenea," nikasema. "Imeshafika pajani."

"Basi tusikae." Akamwita daktari, dawa ikaletwa, Okusan akachomwa sindano.

Tukangoja. Kila baada ya kitambo Bi Zuwena alinitupia jicho, nami nikauliza neno lilelile, na Okusan akaonyesha kwa kiganja mahali ganzi ilipofika. Iliingia kiunoni. Bwana Morita alisimama ukutani rangi imemtoka. Nilimwonea huruma, na nilijichukia kwa kutomwambia mkewe akung'ute viatu.

Jua lilipofika milimani nikauliza tena. Okusan alifikiri kidogo. "Hirogatte imasen," akasema. Haienei. Bwana Morita akakaa sakafuni, mzee mzima, akalia kwa sauti.

"Alhamdulillahi," akasema Bi Zuwena, akamletea maji.

Kesho yake Okusan aliruhusiwa, nikawarudisha Dubai polepole. Jangwa lilikuwa pana vilevile, sikulisifu.

Njeri aliningoja na maswali. "Enhe, uliwaambia nini kwa Kijapani?"

"Niliuliza tu mtu anaumwa mpaka wapi."

Hakucheka. Siku hizi, kabla sijakariri sifa za mlima wowote kwa lugha ya mgeni, hilo swali ndilo ninaloanza nalo.