Njuga ya Watasema

Enzi zetu, nyie mliosoma mkiwa mmekalia matofali mnajua, mbwa hakuogeshwa kwa shampuu wala kupigwa picha amevalishwa miwani ya jua. Juzi hapa Rubwera nimemwona kijana yuko nyuma ya bodaboda, kampakata mbwa mzima na kumfunika sweta asipigwe na upepo. Ningemuuliza yule mbwa anafanya kazi gani, naamini kijana angenishangaa mimi. Mbwa wetu walikuwa na kazi, na majina yao yalikuwa salamu kwa majirani. Palikuwa na Hawachoki, palikuwa na Mungu Anaona. Wa kwetu aliitwa Watasema, maana baba alimwokota akiwa kitoto hata macho hajafumbua, akamlisha maziwa ya ng'ombe kwa kidole, na watu kweli walisema.

Kwetu ni Igurwa. Nyumba ilikuwa katikati ya kibanja, migomba juu na mibuni chini yake, na mwisho wa kibanja lilikuwepo shamba la mahindi na karanga lililopakana na kilima cha mawe. Kwenye kilima waliishi nyani. Mwenye kuwajua nyani hasemi ni wanyama tu. Walimtanguliza mmoja akae juu ya jiwe, atazame nani yuko shambani, akiona mwanamke peke yake anawaita wenzake. Kazi ya Watasema ilikuwa kuwaharibia mipango hiyo.

Shingoni alivaa njuga ya chuma, yenye ukubwa wa ngumi ya mtoto, na ndani yake kipande cha chuma cha kugonga. Ilikuwa na utaratibu wake. Wakati wa kwenda, baba aliiziba kwa jani kavu la mgomba lililosokotwa, isilie njiani ikawashtua nyani kabla ya wakati. Wakifika ukingoni mwa shamba, Watasema alisimama mwenyewe na kugeuka. Baba aliinama, akalichomoa lile jani, ndipo mbwa akaondoka kama mshale na njuga inapiga kelele kilima kizima. Siku nyingi hakuhitaji hata kubweka.

Mimi nilikuwa darasa la tatu na nilikuwa na ugonjwa wa kuuliza. Nilitaka kujua kama Watasema anaelewa kwamba ile sauti ni ya chuma au anadhani ni yake mwenyewe. Nilitaka kujua kama nyani wanamwogopa mbwa au wanaogopa njuga. Mama alikuwa akinijibu huku anamenya ndizi, "Kuuliza si ujinga, lakini wewe mwanangu umezidi." Kisha ananituma maji, na kisimani nako nikakuta mengine ya kuuliza.

Miaka ikamfikia Watasema. Jicho moja likaingia ukungu, meno ya mbele yakang'oka, miguu ya nyuma ikaanza kumwacha. Jumatatu moja baba alimwita uani, akafungua mkanda wa njuga na kumvisha mbwa mwingine kijana aliyekuwa ameletwa kutoka kijiji cha Ndama. Alifanya kwa upole kabisa. Akampapasa Watasema kichwani na kusema, "Umefanya kazi vya kutosha. Pumzika." Akamtandikia gunia karibu na jiko, mahali ambapo hakuna mbwa aliyewahi kuruhusiwa kulala. Mimi na kaka yangu Deo tulimwonea wivu.

Tangu jioni ile Watasema hakula. Tulimpa ugali, akaunusa na kugeuza uso. Jumanne vivyo hivyo. Jumatano mama alimpondea ndizi na mchuzi wa nyama, mchuzi ambao sisi wenyewe tuliuota, na bado alikataa. Jirani yetu Mzee Kaijage alikuja, akamtazama mbavu, akamwambia baba kwamba mbwa akishafika hapo ni kumtesa tu. Akajitolea kumpeleka porini na mkuki wake Jumapili baada ya misa. Baba akakubali. Jioni hiyo hakumaliza chakula chake.

Deo alilia. Mimi nililia pia, lakini zaidi nilikuwa na hasira kwa sababu sikuelewa. Mbwa mwenye njaa anakataaje nyama? Nikaamua kumchunguza. Nilimfungua mdomo nikatazama koo, sikuona mfupa. Nilimnusa masikio. Alhamisi tulimkokota hadi dukani kwa Mzee Salumu, mtu aliyetoka pwani zamani na aliyekuwa na dawa ya kila kitu. Alituamuru tusimame mbali, mate ya mbwa yasije yakagusa kanzu yake, lakini akaturushia dagaa kiganja kizima bila kutaka hata senti. "Mbwa akikataa dagaa," akasema, "huyo ana jambo moyoni." Watasema alizikataa. Dagaa tulikula wenyewe njiani.

Ijumaa sikwenda shule. Nilisema tumbo linauma, nikakaa uani nikimtazama. Na hapo niliona kitu. Kila yule mbwa kijana alipopita na njuga ikatikisika, Watasema aliinua kichwa. Masikio yake yalikuwa hayasikii hata ukimwita jina, ila njuga aliisikia. Alinyanyuka kwa shida, akaifuata hatua chache hadi kwenye migomba ya kwanza, akasimama, akarudi kwenye gunia lake. Niliona hivyo mara tatu.

Deo alipotoka shule nilimwambia amshike mbwa kijana kwa mfupa. Nilifungua mkanda, nikaiziba njuga kwa jani kama nilivyomwona baba akifanya, nikamvisha Watasema. Alinusa hewa. Akasimama. Akaanza kutembea, taratibu, akiyumba, akakipita kibanja chote bila kusaidiwa, sisi tunamfuata kama waombolezaji. Ukingoni mwa shamba akasimama na kugeuka. Tukasimama. Yeye anatutazama kwa lile jicho moja, sisi tunamtazama. Deo akaninong'oneza kwamba amechoka, tumrudishe. Mimi nikatazama njuga, nikaona jani. Alikuwa anasubiri kazi ianze.

Nililichomoa. Watasema hakukimbia, hakuwa na miguu hiyo tena. Alijikongoja hadi kwenye kichuguu cha katikati ya karanga, akalala, akatikisa kichwa kuwafukuza nzi, na njuga ikalia. Juu ya mawe yule nyani mlinzi alisimama, akasikiliza, akashuka upande wa pili. Nikapata jibu la swali langu la zamani.

Baba alitukuta hapo. Nilijua fimbo inakuja, kwa sababu njuga haikuwa kitu cha kuchezewa na watoto. Alisimama akasikiliza ile sauti, moja, kimya, tena moja. Alijifuta uso kwa mkono wa shati. Kisha akasema, "Basi tutatafuta njuga nyingine." Jioni ile Watasema alimaliza ndizi zote na kulamba sufuria. Mzee Kaijage alipokuja Jumapili na mkuki wake, alikaribishwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, akanywa akaenda zake.

Aliishi mavuno mawili zaidi ya kahawa. Asubuhi Deo alimtoa kupe kwa njiti ya kibiriti iliyochovywa mafuta ya taa, mimi nilimpondea chakula, kisha baba alimsindikiza shambani kwa mwendo wa mbwa mzee, njuga imezibwa, na kuizibua ukingoni kama kawaida. Yule mbwa kijana alipewa njuga mpya na akakimbia kwa niaba ya wote wawili. Siku aliyokufa, tulimkuta kichuguuni. Baba alimzika palepale, na mimi nikamuuliza mbona hajamvua njuga. Aliendelea kushindilia udongo, na kwa mara ya kwanza sikurudia swali.

Nayakumbuka haya kwa sababu ya mambo ya mwezi uliopita. Baba sasa ni mzee sana. Alianguka kwenye kibanja akikata majani ya migomba, na sisi watoto wake, watu wazima wenye ofisi, tukafanya kikao kwenye simu. Deo yuko Mwanza, akatuma kiti cha kuegemea. Dada zangu wakachanga redio mpya. Tukaajiri mtu wa kibanja. Mimi niliye karibu nikapewa kazi ya kumnyang'anya muhoro, kile kisu chake chenye mdomo uliopinda, ambacho mpini wake umelika mpaka umefuata vidole vyake. Niliuviringisha kwenye gunia nikaufungia stoo. Nikamwambia baba, "Tata, umefanya kazi vya kutosha. Pumzika." Alinitazama kwa namna ya ajabu, kama mtu anayetaka kucheka.

Akaacha kula. Tulimpeleka hospitali, wakapima damu, wakapima presha, hawakuona kitu. Kikao cha simu kikachacha. Mmoja anasema tumbadilishie chakula, mwingine ametumiwa video ya majani ya kuchemsha, wajukuu wanatuma vikatuni vya moyo. Mbavu zake zikaanza kuonekana. Hapo, nikiwa nimeshika bakuli la uji uliopoa, nikazikumbuka mbavu nyingine, na aibu ikanipanda mpaka masikioni.

Jumamosi nilifungua stoo. Nilimpelekea muhoro pale kitini. Akaupokea kwa mikono miwili, akainuka, akaenda taratibu hadi kwenye mgomba wa kwanza, mimi nyuma yake tayari kumdaka. Akasimama. Akageuka kunitazama, akasubiri. Nikautazama muhoro, bado uko ndani ya gunia. Nikalitoa.

Alikata jani moja kavu, akapumzika, akakata la pili. Kisha akaniomba kiti kile cha Deo nikilete hapo mgombani, na bakuli la uji pia.

"Nilikuwa najiuliza mtachukua muda gani," akasema huku akinywa. "Yule mbwa ulimwelewa kwa siku tano."

Nilikuwa darasa la tatu, sina simu, na sikujua chochote. Kumwelewa baba kumetuchukua wiki tatu.