Bi Sikio na Maji Yasiyoonekana

Saa kumi na moja na nusu alfajiri, mwanamke mwenye ovaroli ya buluu anasimama katikati ya barabara, anasimamisha chuma chembamba juu ya mfuniko wa vali ya bomba la maji, kisha analaza sikio kwenye kikombe cha mbao kilichofungwa ncha ya juu. Mwendesha baiskeli anapita huku amegeuza shingo. Mwanamke ameinua kidole kimoja: asisemeshwe.

"Jokofu," anasema hatimaye, akilielekezea kidevu duka la kona. Anasogea hatua kumi, anatega tena. "Hapa kuna mtu anaoga." Hatua kumi nyingine. "Hapa salama. Twende."

Mamlaka ya maji inamtambua kama fundi wa mtandao, daraja la pili. Wenzake wanamwita Bi Sikio, na jina limemganda kiasi kwamba hata meneja hulitumia kwenye vikao. Ana umri wa miaka hamsini na minane. Kwa miaka ishirini na sita kazi yake imekuwa kutafuta maji yanayopotea chini ya ardhi, yale yasiyotoa hata tope juu, kwa chuma hicho na sikio lake la kulia.

"La kushoto ni la kumsikilizia mume wangu," anasema, na hacheki.

Lazima awahi kabla mtaa haujaamka, maana magari yakianza tu, kazi imekwisha. "Mtu akifungua bomba, maji yanapita, halafu yananyamaza. Mvujo haunyamazi. Ni shiii moja tu, kama mama anayembembeleza mtoto asiyetaka kulala."

Mwaka juzi mamlaka ilileta mfumo mpya wa kompyuta. Bi Sikio hakuwa miongoni mwa walioununia. Zamani fundi alisubiri wiki nzima karatasi ya kazi isainiwe; siku hizi ruhusa inaingia kwenye simu kabla ya saa sita mchana. "Mimi siupingi. Karatasi zangu zilikuwa zinaliwa na panya."

Ila mfumo huo huo ulikuja na habari mbaya. Ulionyesha kwamba Mtaa wa Juu, wenye nyumba mia tatu na arobaini, unatumia maji karibu mara mbili ya mitaa mingine. Uamuzi ukapitishwa: kuanzia mwezi unaofuata, mtaa huo upate maji siku mbili kwa wiki badala ya nne. Siku zinazobaki, watu wangenunua kwa wachuuzi, ambako dumu moja ni bei ya madumu kumi ya bombani.

Bi Sikio alikwenda kusikiliza. Mbele ya lango la zahanati, chini ya lami iliyowekwa miezi michache tu nyuma, akaisikia ile shiii.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Kanuni zinakataza kuvunja lami mpya bila namba ya kibali kutoka kwenye mfumo. Ili mfumo utoe namba, lazima ujazwe chanzo cha taarifa, na machaguo yalikuwa matatu: kifaa cha kupimia, kipimo cha presha au simu ya mteja. Sikio halikuwemo.

Meneja wake hakatai. "Nilimwambia, Bi Sikio, mimi nakuamini, lakini mfumo hauna mahali pa kukuandika," anasema, na kwa uungwana anaona haya kidogo.

Kulikuwa na jambo jingine. Bi Sikio mwenyewe anaishi Mtaa wa Juu. Minong'ono ikaanza ofisini kwamba anatetea ndoo zake. Akaonywa pia kuwa lami ikivunjwa bure kwa ushawishi wake, atajieleza kwenye kamati ya nidhamu, yeye aliyebakiza muda mfupi tu kufika kwenye kiinua mgongo.

"Nilirudi kwa wakubwa mara tatu. Wametia pamba masikioni. Mara ya tatu nikaona naongea na ukuta uliopakwa rangi nzuri."

Siku kumi na tisa kabla ya mgawo mpya kuanza, wakati wa chakula cha mchana, alitoka nje ya geti, akakaa kwenye ukingo wa barabara, akapiga simu kitengo cha huduma kwa wateja cha mamlaka ile ile inayomlipa mshahara. Muziki ulimchezea dakika kumi na mbili.

"Mteja, unaona maji yanatokea wapi?" binti wa upande wa pili aliuliza.

"Siyaoni, mwanangu. Nayasikia."

"Samahani mama, unayasikia ukiwa wapi?"

"We andika tu: mbele ya lango la zahanati, hatua nne kutoka nguzo ya taa."

Namba ilitoka. Kesho yake mafundi wakafika, na walipomwona mteja mwenyewe amevaa ovaroli kama zao, walicheka mpaka wakashikana mabega. Kicheko kilipungua kadiri shimo lilivyozidi kwenda chini. Mita moja, udongo mkavu. Msimamizi akamtazama, kisha akatazama saa yake.

"Moyo ulinidunda mpaka kwenye meno," anakumbuka. "Nikajisemea, leo nimekwisha."

Walipochimba nusu mita zaidi, maji yaliruka yakampiga mchimbaji kifuani. Kiungo cha bomba kilipasuka wakati barabara inashindiliwa, na maji yote yalikuwa yakikimbilia kwenye mfereji wa zamani uliofukiwa. Kwa makadirio ya mamlaka, lita elfu tisini zilipotea kila siku maji yalipofunguliwa. Wenye nyumba hawakuwa wafujaji. Waliandikiwa maji ambayo hawakuyanywa.

Mgawo wa siku mbili ukafutwa. Fomu ya mfumo ikaongezwa chaguo la nne: *fundi amesikia*. Kamati ya maji ya Mtaa wa Juu nayo ikang'ang'ania hadi takwimu za maji yanayoingia mtaani zikawa zinabandikwa ukutani kila Jumatatu, kila mtu azisome.

Baadaye mamlaka ilinunua vifaa vidogo vinavyonata kwenye mabomba na kurekodi sauti. Mhandisi aliyepewa mradi huo akabisha hodi kwa Bi Sikio: kifaa kinarekodi, lakini hakijui kinasikia nini. Kwa miezi saba walikaa chumba kimoja, mama huyo na spika za masikioni, akitaja sauti moja moja. Jokofu. Transfoma. Mtu anaoga. Mvujo. Zilifika elfu nne.

"Wenzangu waliniambia najichimbia kaburi. Nikawauliza, mimi nikienda nyumbani na sikio langu, mtaa utabaki na nini?"

Mwezi uliopita kifaa kilionyesha mvujo karibu na soko. Bi Sikio akatega sikio. Hakusikia kitu. Akatega mara ya pili, ya tatu. Vijana wa zamu wakaanza kuikejeli mashine.

"Chimbeni," akawaambia.

Wakakuta tundu jembamba kama la sindano.

"Nilifurahi kwelikweli," anasema. "Halafu nikaenda nyuma ya gari nikalia kidogo. Usiandike moja ukaacha lingine."

Imebaki miezi kumi na minne astaafu. Mumewe amependekeza kufuga kuku, naye mwenyewe anakiri kwamba wazo hilo halikupita hata mlangoni. Bi Sikio ameshachukua fomu ya kugombea uenyekiti wa kamati ya maji ya mtaa wake, ambayo ndiyo inayokutana na wakubwa wa mamlaka kila robo mwaka. Kipindi cha uongozi ni miaka mitatu.

"Mashine niliifundisha kusikia kwa miezi saba," anasema, akifuta udongo kwenye chuma chake. "Wakubwa nitawapa hiyo miaka yote mitatu."