Mshipa wa Shemeji

Kwetu Karatu mke wa kaka yako ni mtani wako. Unaweza kumwambia ana meno ya ngiri mbele ya padri, na hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika, aibu yake. Na mimi kwa utani sina mpinzani kuanzia hapa mpaka Loliondo. Niliwahi kuchekesha watu msibani mpaka marehemu akataka kuamka aulize kuna nini.

Sasa shemeji, mama wa miaka sitini na kitu, akaanza kuumwa kichwa. Sio kile cha kumeza kidonge ukaenda shamba. Akichana nywele analia. Akitafuna hindi la kuchoma, taya linachoka, analiweka chini nusu. Halafu hapa pembeni ya paji, juu ya sikio, mshipa ukatokeza, mnene kama kamba ya kufungia ndama.

"Shemeji," nikamwambia tukipukuchua mahindi na majirani, "umefuga nyoka kichwani. Mlishe basi!"

Watu walicheka mpaka mahindi yakawa yanapukuchuka yenyewe.

Kaka akampeleka hospitali, nikawafuata. Daktari akaubonyeza ule mshipa, shemeji akaruka.

"Mama, huu umevimba kwa ndani," daktari akasema. "Uvimbe huu ukifika kwenye mishipa ya jicho, inaziba, jicho linakufa. Likishakufa halirudi. Hivi vidonge anza leo leo. Halafu wiki hii uende hospitali kubwa wakate kipande cha mshipa, wakiangalie kwenye darubini, tujue ndio ugonjwa wenyewe."

"Kipande kikubwa, mwanangu?"

"Kama kijiti cha kiberiti. Unapigwa ganzi."

Kufika nyumbani, majirani wamejaa wanataka habari. Kaka anafungua mdomo, mimi nishamaliza sentensi ya kwanza.

"Wanamtoboa kama Wamaasai wanavyomtoboa ng'ombe shingoni! Kwa mshale! Wanakinga kibuyu kabisa! Wakishakata, akili yote inavujia hapo, tunabaki na shemeji wa kufukuza nzi. Na vidonge hivyo vinavimbisha uso. Mtamwona, boga la Oldeani!"

Shemeji alicheka kuliko wote, kashika taya linamuuma.

Kesho yake kaka akauliza safari lini. Shemeji akajibu kichwa kimepungua kuuma. Vidonge akavitia kwenye kopo la chumvi juu ya kabati. Nilimwona. Nikamwambia, "Hapo umefanya la maana, boga."

Siku ya tisa, asubuhi, alikuwa uani anachagua maharage. Mimi nimesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Shemeji," akasema, "acha utani wako. Toa mkono."

"Mkono gani?"

"Huo ulionizibia jicho la kushoto."

Kutoka mlangoni mpaka alipokaa ni hatua kumi.

Safari hii hakuna aliyemuuliza kama anataka kwenda. Hospitali kubwa walimchoma sindano, wakampa vidonge vingi, wakamkata hicho kipande. Alikuwa macho wakati wanakata, ananong'ona na nesi. Kovu lenyewe ukilitafuta hulioni, limejificha kwenye nywele, dogo kama punje ya mchele. Majibu yakarudi: ndio ugonjwa wenyewe. Vidonge vikaokoa jicho la kulia. La kushoto liko pale pale, zuri tu, linaangalia na halioni.

Uso ulivimba kweli. Hilo nililipatia.

Siku aliyorudi nikaenda na kibuyu cha maziwa. Majirani wamejaa vile vile. Nikapiga goti.

"Shemeji, nisamehe. Mdomo wangu ndio uliokutia upofu."

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akapiga makofi. "Njooni mwone, leo kaleta mpya! Mpaka goti kapiga!" Watu wakaangua kicheko, mmoja akamwaga chai. Nikasema sitanii, wakazidi. Kaka peke yake hakucheka, alikuwa anaangalia kopo la chumvi.

"Akili haijavuja, shemeji," akaniambia akifuta chozi la kucheka. "Kilichovuja ni jicho."

Tangu siku hiyo, kila nikienda kwake, kwenye ubatizo, kwenye msiba, hata chai ya kawaida, ananiwekea kigoda mwenyewe, upande wa kushoto.

"Kaa hapo, mtani wangu. Huko ndiko sitaki kuona kitu."

Watu wanacheka. Nami nacheka, maana nikikasirika, aibu yangu. Nakaa.