Siku Baba Aliponibatiza Kwenye Maji ya Bibi

Nilipokuwa mtoto, yetu ilikuwa nyumba pekee upande wetu wa kijiji cha Gitting ambayo mgeni hakupewa chai. Alipewa maziwa ya moto, tena kikombe kilichojaa, lakini majani ya chai hayakuwahi kuvuka mlango ule. Baba alikuwa Mmormoni. Alikwenda Arusha ujanani kujifunza useremala, akarudi na randa mbili, mke, na dini ambayo hakuna mwingine kijijini aliyeijua. Hakunywa pombe, chai wala kahawa. Tumbaku hakuigusa. Kila Jumatatu jioni alituita wote mezani tuimbe, tusome, kisha kila mtu aseme kilichomkera wiki hiyo. Majirani walimwita Baba Maziwa, naye akaitika.

Bibi, mama yake mzazi, aliishi nasi. Alikuwa Mkristo wa Krismasi na Pasaka. Siku nyingine zote alikuwa wa mababu zake. Yeye ndiye aliyetufundisha kuliogopa bwawa lililo chini ya chemchemi, mwisho wa shamba letu. Humo, alisema, wanaishi wenye maji. Usipige kelele pale, usichote saa sita mchana, na usiingie mwili mzima. Miguu sawa, mikono sawa, lakini anayezama hadi utosini amejitoa mwenyewe, nao watamchukua kabla ya mavuno. Tuliamini. Mimi hata leo nikipita pale nanyamaza, wala simwombi mtu radhi kwa hilo.

Sasa, katika dini ya baba, mtoto akitimiza miaka minane hubatizwa kwa kuzamishwa mwili mzima. Kwingine wana birika la kubatizia ndani ya kanisa. Sisi tulikuwa na bwawa la Bibi.

Zamu yangu ilipofika, Bibi hakugomba. Alisema mara moja tu, wakichambua maharage na baba.

"Maji yale yatamkataa. Na yakimkataa, usimrudishe."

"Mama, maji ni ya Mungu," baba akajibu, wakaendelea kuchambua.

Mimi sikuulizwa. Nilitaka sana kumfurahisha baba, na nilitaka vilevile kuishi. Mahindi yalikuwa yameshaanza kukauka shambani, kwa hiyo mavuno hayakuwa mbali.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, ukungu bado umeufunika mlima Hanang. Wageni wawili walikuwa wamefika jana yake kutoka Arusha: Ndugu Samweli, mtu mzima mwenye mvi kidogo, na kijana mwenzake. Walikuja kuwa mashahidi. Kazi ya shahidi ni kuangalia kwamba hakuna kiungo kinachobaki juu ya maji, hata kidole. Kikibaki, ubatizo unarudiwa. Mama alinishonea gauni jeupe, pana, kutoka kwenye shuka la kitanda. Bibi alitufuata nyuma na kibuyu chake cha maziwa. Hakuna aliyemkaribisha, na hakuna aliyethubutu kumrudisha.

Maji yalikuwa baridi mpaka meno yaliuma. Baba alinishika mkono, akasema maneno yake, akanilaza. Gauni likajaa hewa na mguu wangu wa kulia ukaibuka. Nilipoinuliwa nikikohoa, nilimwona Ndugu Samweli akitikisa kichwa kwa huruma.

"Mguu umebaki nje, Ndugu. Itabidi turudie."

Nilipiga mayowe. Bibi alisema maji yatanikataa, na kweli yamenikataa, tena mbele ya mashahidi. Nilimng'ang'ania baba shingoni nikamwambia sirudi, watanichukua.

Angeweza kunizamisha kwa nguvu, nilikuwa mwepesi. Wageni walikuwa wamesafiri kutwa nzima kwa ajili ya dakika ile, na yeye alikuwa ameisubiri miaka minane. Lakini aliamini pia kwamba mtu habatizwi bila ridhaa yake.

"Unaogopa nini, Naomi? Maji au wao?"

"Wao."

Miaka yote alikuwa akituambia kwamba wao hawapo. Siku ile hakusema hivyo. Alinibeba mpaka ukingoni alikokuwa Bibi, akamwuliza kwa Kiiraqw, lugha ambayo wageni hawakuijua:

"Mama, kusema nao kutakuchukua muda gani?"

Bibi alimtazama kana kwamba hamfahamu. "Kama kuimba beti mbili."

"Sisi tutaimba nne."

Kisha akawageukia wageni. "Ndugu zangu, mtoto ameshikwa na hofu. Tugeuke, tuimbe tukiutazama mlima, apate kutulia."

Wakageuka wote, na mama pia. Baba hakujua kuimba. Sauti yake ilikuwa kama msumeno kwenye ubao mbichi. Siku ile aliimba kwa nguvu zake zote. Nyuma ya migongo yao, Bibi aling'oa nyasi mbichi, akazichovya kwenye maziwa, akayanyunyiza juu ya maji, kisha kwenye paji la uso wangu. Alisema na wenye maji kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwomba jirani msamaha kwa mbuzi aliyeingia shambani: huyu ni wetu, anapita tu, baba yake ana mambo yake, mtuvumilie. Halafu, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa vitendo, akalifunga pindo la gauni langu miguuni kwa kipande cha kanga.

"Haya, nenda. Wamesikia."

Mara ya pili nilizama mwili mzima. Ndugu Samweli aliridhia. Mavuno yalikuja, nikapukuchua mahindi kama watoto wengine.

Wiki ile baba alifunga siku mbili, na haikuwa wiki ya kufunga. Mama alipomwuliza, alisema ana jambo lake na Mungu. Hakulitaja tena mpaka alipofariki, mwaka jana.

Kwenye mazishi, Ndugu Samweli, ambaye sasa anatembea kwa fimbo, alisimama akasema, "Ndugu yetu huyu hakuyumba katika imani hata siku moja." Watu wakaitikia. Kisha kipaza sauti kikaletwa kwangu. Nikazungumzia useremala wake, na jinsi alivyompenda mama. Habari ya bwawa niliiacha. Niliogopa kumvunjia heshima mbele ya jeneza lake.

Watu walipotawanyika, niliulilia ukimya wangu ule kuliko nilivyolilia kifo chenyewe. Mimi nimebaki katika dini ya baba mpaka leo, na wanaoniuliza sababu huwajibu kwa maandiko. Sijawahi kumwambia mtu ukweli, kwamba baba aliyumba siku moja, akayumba kwa ajili yangu, na kwamba hiyo ndiyo siku niliyomwamini.