Sori ya Mzee Ogden

Todmorden, mji mdogo wa Uingereza, watu huamka na sori, hulala na sori. Ukimkanyaga mtu mguu, yeye ndiye anayekuambia sori. Hukusikia, sori. Unataka kupita, sori. Ukifiwa wanakuletea sori mlangoni, na keki juu yake. Neno moja, lakini linabeba pole, samahani, hebu nipishe, na umesemaje.

Mzee Wilfred Ogden naye alikuwa hivyo hivyo. Kuna siku alijigonga kwenye nguzo ya taa, akaiomba radhi. Hilda mkewe alicheka hadi akakaa chini ukingoni mwa barabara.

Sasa Hilda hayupo. Wiki ya pili baada ya mazishi, Wilfred alishindwa kulitazama koti la marehemu la kijivu, lililotundikwa nyuma ya mlango. Akalikunja, akalipeleka duka la mitumba la kanisa. Koti lile alilishona Winnie, dada yake Hilda, kwa mkono, majira ya baridi mazima. Wilfred hakumwuliza. Winnie akaja kulikuta kwenye foleni ya basi, mgongoni mwa mwanamke asiyemjua.

Miezi mitatu Winnie hakukanyaga kwake. Na mzee hakuwa na mtu mwingine wa kutaja naye jina la Hilda.

Jumamosi moja akajikaza, akatoka.

"Sori, Wilf, maini yamekwisha," muuza nyama alimwambia dirishani, ingawa hakuwa ameuliza.

Mbele kidogo akagongana na mama mwenye kigari cha mtoto. "Sori." "Sori, babu." Mbwa akamzuia njiani. "Sori," akamwambia mbwa.

Alipofika kwa Winnie neno limeisha kama kipande cha sabuni.

Winnie alifungua, mikono ina unga.

"Sori, shemeji."

"Ya nini?"

"Ya... mambo yale."

"Mambo yale! Wewe si uliiambia sori nguzo ya taa? Mimi nguzo?"

"Hapana."

"Basi kampe paka sori yako. Baridi inaingia."

Alisema hivyo, lakini mlango hakuufunga. Wilfred alitia mkono mfukoni, akatoa kifungo cheusi. Alikiokota jana yake ndani ya kopo la biskuti la Hilda: kile cha akiba cha koti lile.

"Nililitoa koti uliloshona wewe," alisema. "Sikukuuliza. Mimi nilikuwa siwezi kuliona. Sikufikiri kwamba wewe unataka kuliona."

Winnie alijifuta unga kwenye aproni, akakichukua kifungo, akakigeuza.

"Aliniambia kimepotea," alisema. "Mwongo yule."

"Alificha kila kitu kwenye kopo lile. Hata meno yangu ya bandia, siku ya harusi ya binamu yake."

"Alinisimulia. Alisema uliongea kidogo siku ile, akapumzika." Winnie akasogea pembeni. "Futa miguu, uingie."

Birika likawekwa jikoni. Winnie alitafuta sindano, akakishona kifungo kwenye sweta lake la kijani, mahali palipokuwa na pengo. Hakikufanana na wenzake. Akakata uzi kwa meno.

Wilfred, akinyoosha mkono kuchukua sukari, akaangusha kijiko.

"So—" alianza, akajizuia, akamtazama shemeji yake.

"Hiyo sema tu," alisema Winnie. "Ni ya kijiko."